Kwapa la juu au kwapa la chini? Soma kabla hujamwachia fundi kitambaa cha koti lako

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Siku ya akdi ya mdogo wangu hapa Ngamiani, Tanga, nilivaa kanzu nyeupe na koti la kijivu jipya kabisa, la kushonesha, limenyooshwa pasi mpaka linang'aa, na pale nyumbani mbele ya kioo kila anayepita anasema mashaallah. Shehe kamaliza kufungisha, tukainua mikono kuomba dua, basi koti nalo likaona liombe dua, likapanda lote na mikono yangu, kola ikaja masikioni, mabega yakasimama kama masanduku mawili na chini huku koti limeishia kiunoni. Mpwa wangu wa miaka sita kanitazama weee kisha kasema kwa sauti, "mjomba umekuwa kasa". Watu wanaitikia amin na mi naitikia amin, shingo iko ndani. Picha zipo ila hakuna ntakayemwonyesha.

Tatizo la lile koti halikuwa bega wala tumbo, lilikuwa kwapa. Tundu la mkono lilikatwa chini mno. Tangu siku hiyo nimeshashonesha koti la pili, la bluu, kwa fundi mwingine, hili kwapa lake liko juu, na nimeyavaa yote mawili kwa zamu karibu mwaka mzima kwenye harusi, maulidi, kazini, mpaka juu ya baiskeli. Kwa hiyo naandika kama mtu aliyelipia somo, maana naona watu wengi wanabishana rangi ya kitambaa na idadi ya vifungo wakati kinachoamua kama utalivaa koti au litakaa kabatini ni hapo kwapani.

Kwanza tuelewane kwapa la juu na la chini ni lipi. Siku nampelekea fundi wa pili lile la kijivu alitazame, mzee wa makamo, miwani kaishusha puani, kanambia vaa. Nikavaa. Kanambia shusha mikono, kisha kaingiza mkono wake pale chini ya kwapa langu, kati ya mwili na koti, na mkono ukaingia wote, ngumi nzima.

"Mwanangu, hapa nimeingiza ngumi," kasema.

"Ndio ami, nilitaka lisinibane."

"Basi halikubani. Linakubeba."

Kwake yeye panatakiwa paingie vidole viwili vilivyolala, yaani inchi moja na kidogo, ukizidisha sana vitatu. Hilo ndo kwapa la juu. Ngumi nzima ni la chini, na makoti mengi ya dukani yako huko huko kwenye ngumi, kwa sababu mwenye kiwanda hakujui wewe, anataka koti moja limwingie mwembamba, mnene, mwenye misuli na asiye nayo, sasa akilishusha kwapa kila mtu linamwingia na hakuna anayelalamika pale dukani. Mtumba ni bahati yako, ukiokota koti la zamani lililoshonwa kwa mkono unaweza kukuta kwapa zuri kuliko suti mpya ya bei mbaya, ndo maana mi kwenye mtumba siangalii lebo, naingiza vidole kwapani.

Sasa kwa nini lililolegea ndo linavuta? Hili lilinisumbua akili maana linakwenda kinyume na unavyodhani. Fikiria bawa la popo. Ngozi ya popo imetoka mkononi ikashuka mpaka ubavuni, hakuna kwapa, akiinua mkono anainua na ubavu. Koti la kwapa la chini ni hivo hivo, mkono wako unazungukia juu begani kwenye kiungo lakini mkono wa koti umeshikizwa chini huko ubavuni, ukiinua, kitambaa cha upande wa chini wa mkono hakitoshi, kitatoka wapi? Kinavuta ubavu, ubavu unavuta mgongo, mgongo unasukuma kola. Tundu likiwa juu, karibu na kiungo chenyewe, mkono unazunguka peke yake na koti linabaki limetulia mwilini. Ni hilo tu, halina uchawi.

Mnaovaa kanzu mnalijua hili bila kujua. Tazama chini ya kwapa la kanzu yako, kuna kile kipande kidogo cha kitambaa, kikwapa, fundi kakiweka kati ya mkono na badani. Toa kile kipande uone kama utainua mkono kuchukua msahafu juu ya kabati. Kanzu imekatwa bapa, mikono imenyooka, na bado unafanya chochote ndani yake kwa sababu ya kikwapa. Koti haliwekewi kikwapa kwa sababu litajaa mikunjo pale chini na watu wanataka koti likae safi, sasa kazi ya kile kikwapa inabidi ifanywe na kwapa lililopanda pamoja na mkono mpana kule juu. (Kikwapa kile kingine, cha harufu, nakija.)

Haya, tulinganishe sasa.

Ukisimama tu mbele ya kioo, mikono chini, la chini ndo linashinda, na hapa ndipo wengi tunapotegwa. La kijivu nilipolijaribu mara ya kwanza nilihisi raha, hewa inapita, hakuna kinachonigusa. La bluu mara ya kwanza nilihisi kama kuna mtu kanishika kwapani anataka kuninyanyua. Nikamwambia fundi "ami panabana hapa, shusha kidogo". Kakataa! Kanambia nenda kakae nalo saa moja kisha urudi. Nikakaa pale kibarazani kwake, nikanywa kahawa na kashata, nikapiga soga na waliokuwepo, na nusu saa haikufika nilikuwa nimeshasahau kama nina koti. Kwa hiyo niwe mkweli, makwapa mengi mabaya hapa mjini sio kosa la mafundi peke yao, ni sisi, mteja anasimama dakika mbili anasema panabana, fundi anataka hela yake na amani, anachukua mkasi anashusha, yamekwisha.

Kwenye picha ukiwa umesimama la juu linakaa vizuri zaidi, ubavu unaonekana na kiuno kinaonekana. La chini linaacha kitambaa kimejikunja kati ya mkono na kifua, unaonekana mpana kuliko ulivyo. Mnene ndo analihitaji la juu kuliko mwembamba, ingawa wanene ndo wanaoogopa.

Kwenye kutembea na kufanya mambo hapo hakuna ushindani. Mji wetu huu ni wa baiskeli, kila mtu anajua, mi mwenyewe kazini naenda kwa baiskeli, sasa siku moja nikafanya majaribio, asubuhi nikavaa la kijivu kutoka Makorora mpaka Raskazone, kesho yake la bluu, njia ile ile. La kijivu nikishika usukani tu mikono ya koti inarudi nyuma karibu nusu ya mkono, mgongoni limekazika kama ngoma, kifungo kinalia, nilipofika nikalivua nikaligundua limeanza kuachia uzi kwenye mshono wa nyuma ya mkono. La bluu mikono ilirudi nyuma kidogo tu, vidole viwili hivi, kola ikabaki shingoni ilipo. Sikuamini, maana la bluu kifuani ni jembamba kuliko la kijivu.

Kuswali nako. Kwenye takbira na kwenye sijda la chini linapanda mgongoni na kukusukuma kisogo, na ukisimama linabaki huko huko juu, inabidi ulivute chini na wewe uko ndani ya swala. La juu linarudi lenyewe. Nyuma ya bodaboda, kubeba mtoto, kukumbatiana na wageni mlangoni siku ya harusi, hesabu ni hiyo hiyo.

Joto sasa. Hapa la chini linapata pointi zake na siwezi kuzificha. Kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba mpaka Machi, mchana unagonga nyuzi 32 na unyevunyevu wa bahari juu yake, na kwapa la juu liko karibu na ngozi, jasho linafika kwenye bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, mapema. La chini lina nafasi, hewa inaingia kidogo. Ila ukinibana nikwambie ukweli, kinachopika mtu ndani ya koti hapa Tanga sio kwapa, ni bitana. La kijivu lilikuwa na kwapa la kuingia ngumi na bado nilikuwa nachuruzika, maana bitana ilikuwa poliesta tupu, mbele, nyuma na mikononi, ni sawa na kuvaa rambo. La bluu nililiwekea bitana ya viskosi, kitambaa laini kinachonyonya jasho, mgongoni nikaomba nusu tu, kuanzia mabegani mpaka chini kidogo ya kwapa, huko chini kitambaa kitupu na mishono imefungwa vizuri. Tofauti yake utaihisi kabla hujafika nje ya geti. Na vaa fulana ya ndani ya pamba yenye mikono, sio ile ya kamba, ili jasho lianzie kwenye fulana na sio kwenye bitana, maana koti huwezi kulifua kila wiki na bitana ya kwapani ndo ya kwanza kuchoka na kubadilika rangi. Mwambie fundi pale kwapani bitana aiachie ilegee kidogo juu ya mshono, akiikaza itachanika ndani ya miezi michache na kile kikwapa cha pili, cha harufu, kitakaa humo milele.

Halafu kuna jambo watu wanalichanganya, nami nililichanganya. Kwapa la juu sio sawa na mkono mwembamba. Kuna mafundi wa siku hizi wanakushonea kwapa la juu NA mkono kama soksi, kisha ukilia wanasema ulitaka mwenyewe. Hapana. Siri ni tundu dogo, mkono mkubwa. Mzunguko wa mkono wa koti kule juu unatakiwa uzidi mzunguko wa tundu kwa inchi moja na nusu hivi, wakati mwingine mpaka mbili kutegemea kitambaa, na ile ziada fundi anaikusanya kidogo kidogo kwa sindano na mvuke wa pasi mpaka inaingia bila mikunjo. Kazi hiyo inachosha, ndo maana wengi wanaikwepa, ni rahisi kushusha tundu likawa kubwa sawa na mkono ukapiga cherehani moja kwa moja.

Na sio fasheni ya vijana kama wazee wengine wanavyodhani. Kule London kulikuwa na fundi mmoja, Frederick Scholte, ndiye aliyekuwa akimshonea yule mwana wa mfalme wa Uingereza aliyekuja kuwa Duke of Windsor, ukataji wake ulikuwa kifua na mgongo vina nafasi lakini kwapa dogo na juu, na inaelezwa wazo alilitoa kwenye makoti ya maofisa wa jeshi. Aliyejifunza kwake, Per Anderson, akaanzisha duka mwaka 1906, Anderson & Sheppard, na mmoja wa wateja wao alikuwa Fred Astaire, mcheza dansi. Mcheza dansi! Mtu anayeishi kwa kurusha mikono, na alikuwa anacheza na koti mwilini kola imetulia. Mafundi wa Napoli kule Italia nao wanasifika kwa hilo hilo, mkono mpana uliokusanywa kwenye tundu dogo, na wao mji wao wa bahari na jua kama wetu.

Upande wa marekebisho ndo ulionifanya niandike haya yote, kwa sababu hapa hakuna sawa kwa sawa hata kidogo. Kwapa la juu likikushinda fundi anafumua mkono, anapiga chaki, anakata kidogo, anarudisha. Kwapa la chini kitambaa kimeshaondoka, kiko kwenye lile tenga la vipande chini ya meza. Atakachoweza ni kufumua bega akanyanyua kidogo pale kwenye mshono, unapata kama nusu inchi na kola nayo inabidi ifumuliwe, au akuongezee pedi nene ya bega linyanyuke, nawe utembee kama mlinzi wa benki. La kijivu nilizunguka nalo kwa mafundi watatu, wote waliishia kutikisa kichwa. Kwa hiyo kama umesimama katikati hujui uchague lipi, mwambie aanze juu.

Tena hata kupunguza kwenyewe kuna mahali pake. La bluu baada ya wiki lilikuwa linaniuma, nikadhani ami alikuwa amekosea. Kaniuliza linauma wapi, onyesha kwa kidole kimoja. Nikaonyesha mbele, pale kifua kinapokutana na mkono. Kasema hapo ni mbele, sio chini, tukishusha chini tumeliharibu bure. Kafumua mbele peke yake, kakwangua robo inchi kwa kuuzungusha mkasi, chini hakugusa. Maumivu yakaisha siku hiyo hiyo. Na mkono nao kauzungusha kuja mbele kidogo kwa sababu mi kutwa niko kwenye kompyuta na mikono yangu inaning'inia mbele, ulikuwa unafanya mikunjo nyuma ya kiwiko. Sasa angekuwa fundi wa haraka angeshusha kwapa, mikunjo ingebaki na kasa angerudi.

Vipimo. Mafundi wengi wanapata kina cha kwapa kwa kugawa kifua kwa nne, kifua inchi 40 kina inchi 10, na kwa mtu wa kawaida haiendi mbali sana ila inaelekea chini. Kwa mtu mwenye kifua cha 46 aliyenenepa mbele, hesabu hiyo inampa 11 na nusu, wakati kwapa lake halijashuka kokote, mtu akinenepa kwapa linabaki pale pale. Kwangu ndo ilivyotokea, nina 44. Pima mwenyewe kabla hujaenda: weka rula kwapani imelala sawa, ibane, mtu akupime kwa nyuma kuanzia kile kifupa cha shingo kushuka mpaka usawa wa juu ya rula. Mi ilikuja 10 kasoro robo, hesabu ya kugawa kwa nne inanipa 11, na yule fundi wa kwanza akaongeza nafasi juu yake akanikatia 12 na ushei. Ukishajua namba yako mwambie fundi aongeze inchi moja tu, na mwombe alipige bandi kwanza, yaani alishikize kwa uzi wa muda, akuite ulijaribu kabla ya bitana. Siku ya kujaribu inua mikono kama unaomba dua, shika usukani wa baiskeli wa hewani, kaa kwenye kiti, kisha mtu atazame kola nyuma kama imeachana na shingo.

Na nenda na nguo utakayovalia ndani! Hili nimelichelewesha na ni kubwa kwa watu wa pwani. Koti la bluu juu ya shati ni asali. Juu ya kanzu ni vita, kwa sababu mkono wa kanzu ni mpana na kile kikwapa chake kinajikunja ndani ya tundu dogo, unahisi umebana kitambaa cha deki kwapani. Kwa hiyo koti la juu ya kanzu mwambie fundi vidole vitatu, sio viwili, na mkono aupanue kidogo. Kama koti ni hilo hilo moja kwa kanzu na kwa shati, pima na kanzu, juu ya shati halitakuwa baya. Lakini ngumi, hapana, hata kwa kanzu.

La chini linawafaa nani basi? Wapo. Mzee wangu bega lake la kulia linauma, hawezi kupeleka mkono nyuma, kwapa la juu kulivaa ni mtihani, tulijaribu ikabidi watu wawili wamsaidie, yeye nimemwambia fundi amshushie na wala hainui mikono sana. Na anayevaa koti juu ya sweta nene naye anahitaji nafasi.

Ndiyo maana la kijivu sikulitupa. Shemeji yangu yuko Lushoto, kule mwezi wa saba asubuhi mtu anatoka na sweta mbili, nikampelekea. Kanitumia picha kasimama nje na sweta ndani, koti limejaa vizuri kabisa kwapani, kikombe cha chai mkononi, kaandika "shem hili koti nani kakushonea, fundi mzuri sana".